Sahani ya mama iko wapi?

Wamama wapendwa, kabla ya kuendelea kusoma, mujiulize kitu kimoja: jana mangaribi, wakati bukari iliiva, nani alipakuliwa wa mwisho? Na kwenye sahani yake kulibaki nini?

Katika nyumba nyingi za muji wetu jibu linajulikana, ikuwe Katuba, Kenya, Ruashi ao kule Kampemba. Baba anapewa wa kwanza, na kipande cha samaki chenye nyama mingi. Watoto wanafuata, juu wanalia. Kisha mama anaikala karibu na mbabula, anakula bukari na ile supu yenye ilibaki chini ya sufuria. Kama kuko nkambo ndani ya nyumba, yeye pia anangojea, na mara nyingi anasema yeye mwenyewe: "Mupatie watoto, miye nilishakula mingi katika maisha yangu." Tunamusifu juu ya maneno hayo. Miye ninaona tungepaswa kumukatalia.

Juu nini inafuata? Mama anafika miaka 60, magoti yanaanza kuuma, tansio inapanda, anaanguka kidogo tu mu kiwanja na mufupa unavunjika, ao anaanza kusahau majina ya wajukuu. Majirani wanasema: "Ni uzee." Wengine wanaenda mbali zaidi, wanatafuta nani amemuroga, ao wanamushitaki mama muzee yeye mwenyewe kuwa mulozi, na hiyo ni haya kubwa kwetu. Watu wachache sana wanauliza mama huyu alikuwa anakula nini wakati alikuwa na miaka 45 ao 50.

Kule Marekani kuko watu wenye waliuliza ulizo hilo, tena kwa uvumilivu mukubwa. Mwaka 1976 walianza kufuata wauguzi wanamuke 121,700. Kila kisha miaka fulani waliwatumia karatasi ya maulizo: unakula nini, unavuta tumbako, unatembea, uko na ugonjwa gani? Mwaka 2013 wachunguzi walitangaza matokeo juu ya wanamuke 10,670 kati yao. Walikuwa wameangalia chakula chao wakati walikuwa na miaka karibu 59, kisha wakangojea miaka 15 ili waone nani atazeeka vizuri. Kuzeeka vizuri kwao hakukuwa kuishi tu. Mutu alipaswa kupita miaka 70 bila ugonjwa mukubwa kama kansere, ugonjwa wa sukari ao wa moyo, na akili yake ikuwe sawasawa, miguu na mikono ikuwe na nguvu, na roho yake ikuwe nzuri. Mutihani mugumu kweli! Ni wanamuke 11 tu kwa mia wenye waliupita.

Lakini wale wenye walikuwa wanakula vizuri zaidi walikuwa na nafasi kubwa ya kuwa kati ya hao 11. Ukilinganisha kundi la juu kabisa na kundi la chini kabisa, nafasi hiyo ilipanda kwa 34 kwa mia kwa kipimo kimoja, na 46 kwa mia kwa kipimo kingine, chenye kinafuata chakula cha watu wa kando ya bahari ya Mediterane. Mwaka 2025 uchunguzi mwingine ulitoka, wa watu zaidi ya 105,000, wanamuke na wanaume, wenye walifuatwa miaka 30. Nao ulionyesha njia ileile.

Najua mama fulani atasema: "Wale ni wazungu wa Amerika, tena wako na mushahara. Sisi tuko hapa." Ana haki. Mwenye kula vizuri, mara nyingi ni yule mwenye kuwa na makuta, na mwenye makuta anapata pia munganga mapema. Wachunguzi walijaribu kutosha mambo hayo mu hesabu, lakini hakuna hesabu yenye inatosha yote. Kwa hiyo tusichukue zile namba kama ni zetu. Tuchukue kipimo, na tujipime nacho sisi wenyewe.

Miye kama mwalimu nilikipenda kipimo hicho, juu kinafanana na karatasi ya matokeo ya mutoto. Kiko na masomo 11, kila somo pointi 10, jumla 110. Unapata pointi ukikula mboga za majani, matunda, nafaka yenye haijatoshwa maganda, karanga na maharagi, mafuta ya samaki, na mafuta mazuri ya mimea. Unapoteza pointi ukikunywa sukre na maji ya matunda ya kununua, ukikula nyama nyekundu mingi na soseji, mafuta yenye yamegeuzwa mu fabrika, na chumvi mingi. Somo la 11 ni la pombe, na hapo pointi zinategemea kiasi. Viazi haviingie mu hesabu ya mboga. Na ili upate 10 juu ya sukre, unapaswa usiikunywe hata kidogo.

Sasa tumupime mama mumoja wa hapa kwetu. Asubui anakunywa chai na sukari vijiko vine, na mukate mweupe. Saa sita hakuna kitu, ao mikate miwili ya mafuta yenye alinunua njiani akienda soko. Mangaribi, bukari kubwa na mboga kidogo. Hii ndiyo ile "gong unique" yetu, kengele moja kwa siku. Matunda? Anauzisha maembe kwenye meza yake, lakini anayarudisha ku nyumba tu kama yameanza kuoza. Mama huyu anaweza kuwa munene, hata watu wanasema eko na afya, lakini karatasi yake ni ya mutoto mwenye atarudilia mwaka. Njaa yake haionekane. Amejaza tumbo, lakini mifupa, damu na misuli vimekaa bila kitu.

Haikukuwa hivi siku zote, na tusiseme ni desturi ya wankambo wetu. Kula bukari ya mahindi kila siku kulikuja na kazi ya mukuba. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na watu wake wa kazi walikuwa wanapewa chakula cha kupima: unga, maharagi, samaki, nyama kidogo, mafuta ya ngazi, chumvi. Walikuwa wanakipokea kila juma, kikaitwa poso. Ndiyo maana mpaka leo Lubumbashi tunasema "poso" kwa kusema juma! Kambi zilipojaa wanamuke na watoto, kampani ilileta pia nyumba za kufundishia wamama kupika na kushona. Nkambo wengi wa leo walikulia mu kambi hizo. Kisha kazi ikaanguka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulibomoka kule Kolwezi, na miaka yenye ilifuata Gécamines ilizidi kukosa nguvu. Mwaka 2003 maelfu ya watu wa kazi waliondoka kwa mupango wa "départ volontaire". Poso ilikwisha. Maharagi na samaki vilipunguka kwenye sahani, unga ukabaki. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walifanya uchunguzi juu ya chakula cha muji huu, na kukatoka kitabu mwaka 2004 chenye kichwa "Byakula". Kichwa hicho kinafurahisha, juu ni Kiswahili chetu cha nyumbani kabisa.

Tuingie sasa mu mwili wa mwanamuke. Wakati anaacha kuona mwezi, pengine kati ya miaka 45 na 55, mwili unapunguza kutengeneza homoni moja yenye ilikuwa inalinda mifupa na mishipa ya damu. Hapo mifupa inaanza kupoteza kalsiamu haraka, na hatari ya moyo inapanda. Misuli nayo inapunguka mwaka kwa mwaka. Kuko jambo moja tu lenye linapunguka kwa faida yetu: mwanamuke mwenye haone tena mwezi hahitaji chuma mingi ya damu kama zamani. Lakini anahitaji kalsiamu zaidi, na protini zaidi. Waganga wengi wanasema mutu muzee anahitaji gramu 1 mpaka 1.2 ya protini kwa kila kilo ya mwili. Mama wa kilo 60 anapaswa basi kupata karibu gramu 60 ao 70 kwa siku. Yai moja iko na karibu gramu 6. Maharagi gramu 100, kabla ya kupikwa, iko na karibu 22. Mukihesabu hivyo, mutaona kama supu ya chini ya sufuria haiwezi kufikia.

Kwa hiyo yule mwenye tunamupakulia wa mwisho ndiye mwenye anahitaji kipande cha samaki kushinda sisi wote, isipokuwa watoto wadogo na mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha. Kwa miye, hilo ni jambo la kusema waziwazi ndani ya nyumba, hata mbele ya baba. Haiko kumunyima baba. Ni kukata samaki kwa namna ingine.

Na vyakula vyenye vinafaa, mingi iko hapa, tena si ya bei ya juu. Ndakala na kapenta tunazikula na mifupa yake, na mule mu mifupa ndiyo kuko kalsiamu. Sombe iko na protini kushinda majani mengine mengi, lakini itwangwe vizuri na ipikwe muda murefu, juu muhogo iko na sumu yenye inatoka kwa moto na wakati. Kutia bikarbonati ili sombe iive mbio ni kuharibu vitamini na kuongeza sodiamu, kile kitu chenye kiko mu chumvi na chenye kinapandisha tansio. Lengalenga, majani ya viazi, majani ya maboga, ukiyapika na karanga ya kutwanga, unapata chakula chenye kinashinda nyama ya kununua mara moja kwa mwezi. Karanga yenye imeota kuvu, hapana, hata kama ni bei ya chini. Kuvu ile iko na sumu yenye inaharibu maini, na kukaanga hakuiondoe yote. Na finkubala, wakati wa musimu wake, tusiione kuwa chakula cha mu mugini tu. Ni protini safi ya pori letu.

Maharagi na bukari vinasaidiana. Mahindi inakosa sehemu moja ya protini, maharagi iko nayo. Na kama unapeleka mahindi yako kwenye mashini ya kusaga, usikubali watoshe maganda yote ili unga ukuwe mweupe sawa karatasi. Mule mu maganda na mu moyo wa mbegu ndiyo kuko vitamini na nyuzi zenye zinasaidia tumbo na sukari ya damu. Wamama wanasema unga wa hivyo haukae muda murefu, na ni kweli. Basi saga kidogo kidogo.

Mafuta ya ngazi ni ulizo lenye linarudi kila mara. Rangi yake nyekundu inatoka kwenye kitu chenye mwili unageuza kuwa vitamini A, nzuri kwa macho. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina yenye haifai moyo ikizidi. Kwa mutu mwenye tansio, kijiko kwenye sombe haiko shida. Shida ni sombe yenye inaogelea. Na ukiyachoma mpaka yakuwe meupe, umeunguza ile rangi nyekundu na faida yake, umebakia na mafuta matupu.

Sasa tansio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mutu mukubwa asipitishe gramu 5 za munyu kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Mutazame sufuria yetu. Kuko chumvi ya mukono, kuko kube za supu zile tunaita Maggi, na karibu nusu ya kube ni chumvi. Kama mboga yenyewe ni bitoyo ao makayabu, hapo chumvi imeingia mara tatu. Bitoyo ilowekwe usiku wote, maji yabadilishwe mara mbili, na siku hiyo kusitiwe chumvi ingine wala kube. Nyanya, kitunguu, kitunguu saumu, ndimu na pilipili kidogo vinaweza kuleta ladha. Poso mbili za kwanza watu watalalamika, kisha ulimi unazoea.

Na mama mwenye alipewa dawa ya tansio asiiache juu alipunguza chumvi. Chakula na dawa vinafanya kazi pamoja. Ni munganga ndiye mwenye anaweza kupunguza dawa, kisha kupima.

Kuko jambo moja la hapa kwetu lenye wauguzi wa Amerika hawakukuwa nalo: vumbi la migodi. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi pamoja na wa Ubelgiji walitangaza kama watu wenye kuishi karibu na migodi na fabrika za mukuba huku Katanga wako na kobalti mingi sana mu mukojo wao. Vyuma hivyo vinaingia kwa vumbi, kwa maji, na pia kwa chakula chenye kimelimwa ku udongo muchafu. Je, tuache lengalenga? Hapana. Lakini tuulize kwenye soko mboga imetoka wapi. Shamba lenye liko chini ya moshi wa fabrika, ao lenye linanyweshewa maji ya muto wenye unapokea uchafu wa migodi, tuliepuke kama tuko na namna ingine. Majani yaoshwe mu maji safi mara mbili ao tatu, moja moja, si kuyatumbukiza na kuyatosha. Kuosha kunaondoa vumbi la juu. Chuma yenye imeshaingia ndani ya jani haiondoke, na hilo lisifichwe.

Neno kwa wale wenye wanakaa na mama muzee. Wazee wanapoteza hamu ya kula, na meno nayo yanakwisha. Ndiyo maana wengi wanajitegemea chai ya sukari na mukate wa kulowekea. Usimuletee bukari ngumu na nyama ya kutafuna, kisha useme amekataa kula. Maharagi ya kuponda, yai, uji wa mahindi na karanga ao soya, samaki yenye imetoshwa mifupa, papai, avoka, ndizi, hivyo vyote vinapita bila meno. Apewe kidogo mara nne kwa siku kuliko mingi mara moja. Apewe maji, juu wazee hawasikie kiu vizuri. Na akae inje kwenye jua la asubui, atembee mpaka kwa jirani. Jua linasaidia mwili kutengeneza vitamini yenye inaingiza kalsiamu mu mifupa, na kutembea kunaamsha misuli.

Tulipozungumuza mambo haya na wamama wenzangu, mumoja aliniambia: "Mwalimu, haya yote ni mazuri, lakini wakati Zambia inafunga mupaka wa Kasumbalesa kwa mahindi, meka ya unga inapanda, utaongea na nani juu ya avoka?" Sikukuwa na jibu la kumutuliza, juu ni kweli kabisa. Bei ya unga ikipanda, kile chenye kinakatwa wa kwanza ni mboga. Ninajua tu kama tunaweza kukata kwa namna mbalimbali. Sukari ya vijiko vine ikipunguzwa kuwa kimoja, sukre ya siku ya yenga ikiachwa, kube mbili kwa sufuria zikiondolewa, mwisho wa mwezi kuko makuta kidogo ya maharagi. Haitoshe, lakini iko.

Kundi moja la likelemba hapa muji lilichagua njia yenye ninaipenda. Wamama kumi, kila poso kila mutu anatosha kiasi kilekile, lakini kila mwezi mara moja hawagawe makuta. Wananunua pamoja guniya ya maharagi na mufuko wa ndakala kwa bei ya jumla, kisha wanagawa kwa meka. Walikubaliana pia sharti moja: mama muzee wa kila nyumba anapata sehemu yake yenye haiingie mu sufuria ya wote, yeye mwenyewe anaiweka. Mwanzoni wanaume wawili walikasirika. Mumoja sasa ndiye anabeba guniya.

Kwa mukutano wetu wa poso yenye inakuja, kila mama alete karatasi yenye ameandika kila kitu alikula mu siku tatu: asubui, saa sita, mangaribi, hata ile mikate ya njiani na vijiko vya sukari. Mwenye haandike, mutoto wake wa masomo amuandikie. Aandike pia nani alipakuliwa wa kwanza na nani wa mwisho. Tutahesabu pointi pamoja, bila kuchekana.